Mtoto Hali na Kilo Haziongezeki: Tazama Kikombe Kwanza

Akina mama wa Birere, mjini Goma, wanapozungumza juu ya mtoto asiyeongezeka kilo, lawama karibu zote humwangukia mtoto mwenyewe: anachagua, anafunga mdomo, anatema, anataka titi tu. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2 anayesemwa kwamba anakataa chakula, mara nyingi amekwisha kushiba, ila ameshiba maji. Tumbo lake limejazwa uji mwepesi, chai ya sukari na biskuti, na kinapofika chakula chenye nguvu, hana tena nafasi wala njaa. Kwa hiyo, kabla ya kupigana na mdomo wake, rekebisha kilichomo kikombeni, kisha saa za kula, kisha namna ya kumlisha. Hayo matatu yakikaa sawa na bado hali, kukataa kwake ni dalili ya ugonjwa, na dawa yake haipo jikoni. Tunausisitiza mpangilio huu kwa sababu familia nyingi huanza na mwisho wake: hukimbilia sirapu ya hamu ya kula dukani, au mtu wa kukata kilimi, kabla hawajatazama uji. Na mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 asitumie ushauri wa uji uliomo humu. Kwa mtoto huyo chakula ni titi peke yake, mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Kilo zake zisipopanda, mpeleke akaangaliwe namna anavyoshika titi, wala usimwongezee maji au uji.

Anza kwa kujua kama kweli kilo zinapungua, kwa maana macho hudanganya pande zote mbili. Mtoto wa jirani aliyenona si kipimo, na nguo nyingi za baridi ya Goma huficha mbavu. Kipimo kiko kwenye CPS, ile siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya, na kwenye kadi unayorudi nayo. Usitazame tu namba ya mwezi huu. Tazama njia ambayo nukta zimepita kuanzia alipozaliwa. Mtoto wa kawaida huongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili anapofikisha miezi 5 hivi, na mara tatu anapofika mwaka mmoja. Baada ya hapo mwendo hupungua, na hapo wazazi wengi huingiwa na hofu bure: aliyekuwa akiongeza gramu 700 kwa mwezi akiwa mchanga, anaongeza karibu 280 kati ya miezi 6 na 12, na karibu 200 tu katika mwaka wa pili. Hamu yake ya kula hushuka pamoja na mwendo huo, na hilo si ugonjwa. Kinachotakiwa kukushtua ni mstari uliolala kwa miezi miwili au mitatu, au unaoshuka na kuvuka mistari mingine iliyochorwa kwenye kadi. Kama kadi imepotea katika kuhama na kukimbia, kama zilivyopotea nyingi, omba mkanda wa mkono, ambao hata reko, yaani mhudumu wa afya wa jamii, wa mtaa wako anaweza kuwa nao. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya milimita 115 ni nyekundu na ni hatari, 115 hadi chini ya 125 ni manjano, kutoka 125 kwenda juu ni kijani.

Hapa huja jibu linalosikika katika kila nyumba: baba yake ni mwembamba, ukoo wetu wote hauna mwili. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini linatumika kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua mtoto anavyokua anapolishwa vizuri, lilifuatilia watoto wa nchi 6 kati ya 1997 na 2003: Brazili, Ghana, India, Norway, Omani na Marekani. Watoto wa Muscat, wa Accra na wa New Delhi walirefuka karibu sawasawa na wale wa Oslo. Mistari iliyomo kwenye kadi, iliyotolewa mwaka 2006, imetokana na watoto hao, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni kipimo cha Wazungu. Mtoto mwenye asili ya wembamba yupo, lakini yeye hufuata mstari wake wa chini bila kuuacha, anacheza, na anajifunza kukaa na kusimama kwa wakati. Anayeuacha mstari wake hana asili ya wembamba. Tena kwetu kuna sababu ya kutoyaamini macho: uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba watoto 43 kati ya 100 wa Kongo walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na katika Kivu Kaskazini ilikuwa zaidi ya nusu. Pale ambapo nusu ya watoto ni wafupi kuliko umri wao, mtoto aliyedumaa huonekana wa kawaida.

Sasa tuje kwenye kikombe, na tuhesabu. Chukua mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8. Tumbo lake hubeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 240 hivi, na hapo limejaa kabisa. Akiendelea kunyonya vizuri, chakula kinapaswa kumpa kilokalori 300 kwa siku. Alipokuwa na miezi 6 hadi 8 zilitosha 200, na akipita mwaka atahitaji 550. Uji unaopikwa kwa kijiko kimoja cha mezani cha unga wa mahindi katika mililita 200 za maji una kilokalori 35. Weka kijiko cha chai cha sukari, unaongeza 16. Mtoto akimaliza vikombe viwili vya uji huo, amejaza tumbo mara mbili na amepata 100 tu, theluthi ya haja yake. Saa mbili baadaye unamletea ugali na maharagi, anageuza kichwa, na unasema anachagua. Mpikie sasa kikombe kilekile kwa vijiko vitatu vya unga, kijiko cha mezani cha karanga iliyosagwa laini na kijiko cha chai cha mafuta ya mawese: kilokalori zinakaribia 230. Nusu ya kikombe hiki inampa zaidi ya vile viwili vya kwanza, na mtoto aliyekuwa akikuchosha kwa kula kidogo, sasa kidogo chake kinamtosha. Hakuna kilichobadilika katika tabia yake. Njia ya kujua kama uji umefikia uzito unaotakiwa ni nyepesi: uchote kwa kijiko, ukiinamishe taratibu. Ukitiririka kama maji, urudishe kwenye babula, yaani jiko la mkaa. Ukibaki juu ya kijiko na kudondoka kwa uzito, umefika.

Nyanya atasema uji mzito unamkaba mtoto na kumfunga tumbo, ndiyo maana wazee waliufanya mwepesi. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu uji uliokolea hushikana, na mtoto anayeanza kula huchoka haraka kuumeza. Lakini jawabu lake tayari limepatikana, na limepatikana Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Tanzania, Mosha na Svanberg, walionyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa, yaani kimea, hulegeza uji mzito kwa dakika chache bila kuongeza maji. Walipoupeleka katika kijiji cha Luganga, mkoani Iringa, waliona kwamba watoto wanaopewa uji uliolegezwa hivyo huingiza nguvu nyingi zaidi kwa mlo. Anayejua kutengeneza pombe ya mtama anajua sehemu kubwa ya kazi hii: loweka mtama usiku kucha, uache uote siku mbili au tatu, uanike hadi ukauke kabisa, kisha usugue kwa nguvu ili mizizi na machipukizi yote yaanguke, uyatupe, ndipo usage. Usiruke hatua ya kuyatupa, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu. Pika uji mzito kama kawaida, uepue, upoe kidogo tu, koroga kijiko cha chai cha kimea, na ukisha kulegea urudishe motoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto. Kama kazi hii ni nyingi kwako, basi ongeza uzito taratibu, nusu kijiko cha unga kila siku mbili, na mdomo wa mtoto utazoea.

Cha kutia ndani ya uji na milo mingine kinapatikana Birere kwenyewe, na hapa inafaa kukaa kidogo. Sambaza, samaki wadogo ambao waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ndio msaada mkubwa kwa mtoto wa Goma, nao hutumika kidogo mno katika chakula cha watoto wachanga. Samaki mzima aliyekaushwa, anayeliwa na mifupa yake, anatoa protini, chuma, zinki na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Chagua waliokaushwa bila chumvi nyingi, waoshe, ondoa vichwa kama ni vichungu, wakaange pakavu hadi wavunjike kwa vidole, watwange na upepete kwa chujio laini. Unga huo ukae kwenye kopo lililofunikwa, na kijiko kimoja cha chai kiingie katika kila mlo wenye chumvi: viazi vilivyopondwa, maharagi yaliyochujwa maganda, lengalenga au sombe laini. Usiuanzishe ndani ya uji wa sukari, maana ladha zinapigana na mtoto ataukataa kwa haki. Yai, likiwa limeiva hadi kiini, ni kilokalori 70 na protini bora, na linaweza kuanza kutoka miezi 6. Wanaosema litamchelewesha kusema au litamfanya mwizi hawana ushahidi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka mtoto apate yai, samaki au nyama kila siku inapowezekana. Avoka iliyoiva huliwa bila moto wala maji. Mafuta ya mawese yale mekundu, yasiyochomwa hadi yakawa meupe, yana vitamini A. Unga wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, ni mzuri kuliko mahindi matupu, mradi soya imekaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Karanga ziwe zimesagwa daima, kwa sababu punje nzima huingia kwenye njia ya hewa na kuua. Na zenye ukungu au uchungu zitupwe, hata kama moyo unauma kwa hasara. Asali ingoje mwaka mmoja upite. Kila chakula kipya kianze asubuhi, kidogo, kimoja kimoja, ili kikimvimbisha midomo au kumtoa vipele ujue ni kipi na uende naye kituoni mapema. Kama mafuta yanamharisha, anza na nusu kijiko.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mfuko. Birere ni mahali pa biashara, kati ya kiwanja cha ndege na mpaka wa Gisenyi nchini Rwanda, lakini wengi wanaobeba mizigo na kuuza kando ya barabara hula walichopata siku hiyohiyo, na tangu benki zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025 fedha imekuwa ngumu hata kwa waliokuwa na akiba. Hakuna mwongozo unaoweza kuufuta ukweli huo, na pale ambapo nyumba nzima haina chakula, tatizo ni njaa, na msaada wa kutafuta ni wa chakula. Hata hivyo, bei inayozungumzwa hapa si ya kilo bali ya vijiko. Kijiko cha mafuta, kijiko cha karanga na kijiko cha unga wa sambaza, vikijumlishwa, mara nyingi havipiti bei ya pakiti ya biskuti na soda anayonunuliwa mtoto ili anyamaze. Mkoani Iringa, kati ya 1983 na 1988, wakati uchumi wa Tanzania umebanwa kweli, programu ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF iliwapima watoto kijijini, ikajadili vipimo mbele ya wazazi na kusisitiza mtoto mdogo ale mara nyingi zaidi kwa siku. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo kabla umaskini haujapungua. Kwetu, kinachozuia kula mara nyingi ni makala, yaani mkaa, kuliko unga. Nyumba inayowasha babula mara moja kwa siku humlisha mtoto mara moja kwa siku, naye hawezi kuweka akiba tumboni kama mkubwa. Moto huo mmoja upangwe kwa ajili yake. Yakichemka maharagi ya wote, viazi na yai la mtoto vichemkie ndani ya sufuria hiyohiyo. Uji wake uingie termosi ukiwa unachemka, termosi iliyooshwa kwa maji ya moto, na uishe ndani ya saa chache. Uliobaki kwenye kikombe alichokwisha kunywa usimwekee. Kati ya milo hiyo apewe visivyohitaji moto: ndizi mbivu, avoka, kiazi kitamu cha asubuhi, karanga iliyosagwa juu ya kipande cha mkate.

Idadi ya kulenga ni hii: milo 2 hadi 3 kwa siku kati ya miezi 6 na 8, kisha 3 hadi 4, na vitafunwa mara moja au mbili katikati. Acha nafasi ya saa mbili na nusu au tatu, na katika nafasi hiyo asionje kitu isipokuwa titi na maji safi. Sharti hili dogo ndilo linalovunjwa zaidi, maana Birere ina mikono mingi yenye huruma: mwenye duka anampa peremende, shangazi anamchovyea mkate kwenye chai, wakubwa wanagawana naye soda. Chai ina ubaya wa ziada, kwa sababu inazuia chuma cha chakula kuingia mwilini. Ili kuona ukubwa wa jambo hili, chukua karatasi na kwa siku tatu mfululizo andika kila kitu kilichopita mdomoni mwa mtoto na saa yake, pamoja na vile walivyompa wengine. Wazazi wengi wanaosema hali kitu hugundua kwamba anakula mchana kutwa. Titi lisihesabiwe kati ya maadui. Kati ya miezi 6 na 12 bado linampa karibu nusu ya nguvu anazohitaji, na katika mwaka wa pili theluthi, na madai kwamba maziwa ya mama yameisha nguvu hayana ukweli. Linaloweza kubadilishwa ni mpangilio tu: kwa mtoto aliyepita miezi 9 anayenyonya kila dakika chache bila kushiba, mpe chakula kwanza, titi lifuate.

Kuna wanaouliza: kama mtoto anajua haja yake, kwa nini tusimwachie achague? Daktari Clara Davis wa Marekani aliwahi kulijaribu hilo. Katika kazi aliyoichapisha kati ya 1928 na 1939 aliwawekea watoto waliotoka kuachishwa titi sahani za nyama, mayai, maziwa, nafaka, mboga na matunda, akawaacha wale wanachotaka kwa kiasi wanachotaka. Walichagua kwa fujo, siku moja mayai matupu, siku nyingine matunda matupu, lakini walikua vizuri wote. Watu hulitaja jaribio hili kama ruhusa ya kumfuata mtoto katika kila jambo na kusahau sharti lake: juu ya ile meza hapakuwa na sukari, biskuti wala soda. Mkubwa alichagua vyakula, mtoto akachagua kiasi. Huo ndio mgawanyo wa kazi tunaoupendekeza. Wewe amua nini, saa ngapi na wapi; yeye aamue ni vijiko vingapi. Ukimnyang'anya uamuzi wake huo, kula kunageuka vita, na katika vita hii mtoto ana silaha moja asiyoweza kunyang'anywa, ambayo ni kufunga koo.

Kwa sababu hiyo, kumlaza mtoto chali, kumbana pua na kumimina uji kwa kiganja lazima kuachwe leo hii. Wanaofanya hivyo wanampenda mtoto na wanaogopa kumpoteza, na watasema kwamba angalau kitu kimeingia. Lakini kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hata kikifika tumboni salama, mtoto amejifunza kwamba kikombe ni mateso, atakikimbia kesho mapema zaidi. Mkalishe wima, uso wake ukitazama wako. Kijiko kiguse mdomo wa chini na kingoje aufungue mwenyewe. Akigeuka, subiri, zungumza naye, jaribu tena mara mbili tatu. Akiendelea kukataa, ondoa sahani bila hasira baada ya dakika 20 au 30, na usimpe kitu kingine, isipokuwa titi na maji safi, hadi saa ya mlo unaofuata. Apewe sahani yake mwenyewe, maana mtoto wa mwaka mmoja anayekula kwenye sahani ya pamoja na wakubwa wanne hushindwa mbio, na hakuna anayejua alipata nini. Chakula kipya akikitema, hilo halina maana ya kwamba hakipendi. Majaribio yaliyoanzwa na mtafiti Leann Birch huko Marekani mwaka 1982 yalionyesha kwamba mtoto huanza kupenda chakula kadiri anavyokionja mara nyingi zaidi, na mara nyingi zinahitajika mara 8, 10 au zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa kwenye mara ya tatu. Mpe kijiko kimoja tu cha kile kipya kando ya alichokizoea, siku baada ya siku, bila kumsihi. Na fikiria ni nani anayemlisha. Mama anayevuka mpaka mdogo kwenda Gisenyi alfajiri na kurudi jioni humwacha mtoto kwa dada yake wa miaka 8, ambaye naye ana njaa. Maagizo ya mdomo hayatoshi hapo. Chakula cha mtoto kipimwe asubuhi kwenye makopo yake, saa zitajwe kwa mambo ya mtaani ambayo dada anayajua, kama adhana au wanafunzi kutoka shuleni, na dada apimiwe cha kwake, asije akalazimika kula cha mdogo wake.

Umefanya hayo yote wiki mbili, na bado mtoto hali. Sasa acha jiko. Hamu ya kula ikipotea kwa mtoto mdogo, chanzo huwa ni malaria, vidonda vya mdomoni, upungufu wa damu, minyoo, nimonia, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI au kuharisha kusikokwisha, na kila kimoja kina kipimo na dawa kwenye kituo. Waganga wa kituo wenyewe wanaichukua hamu ya kula kama kipimo kikubwa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupewa aonje mbele yao chakula-tiba cha karanga, kile kilichobuniwa mwaka 1996 na daktari André Briend na Michel Lescanne wa Ufaransa. Akikila kiasi kinachotakiwa na hana ugonjwa mwingine mkubwa, hutibiwa akiwa nyumbani, asipokila hulazwa hospitali hata kama anaonekana si mgonjwa sana. Ndiyo maana kungoja ni hatari. Nenda siku hiyohiyo kama mkanda umefika nyekundu, kama anatapika kila kitu, kama amelegea au hanyonyi, ana homa kali au degedege, na kama miguu yote miwili imevimba: bonyeza upande wa juu wa unyayo kwa kidole gumba ukihesabu hadi tatu, na shimo likibaki, hiyo ni bwaki, yaani kwashiakoo, hata kama mashavu ni manene na mizani inasema kilo ziko sawa.

Wapo watakaokwambia kwamba chanzo ni kilimi kirefu, au kwamba kuna meno mabaya yaliyojificha kwenye ufizi, yale yanayoitwa meno ya nailoni Tanzania, ebinyo Uganda na ibyinyo Rwanda. Kinachong'olewa hapo ni mbegu ya jino halali la mtoto, kwa chuma ambacho hakijachemshwa, na kinachofuata ni damu, usaha, pepopunda na kutokula zaidi. Watetezi wake husema mtoto wa fulani alipona baada ya kukatwa. Ugonjwa uliomfanya asile, mara nyingi kuharisha au homa, ungekwisha kwa siku zake hata asingeguswa, na waliokufa hawaletwi kutoa ushuhuda. Usimpeleke, hata shinikizo la ukoo likiwa kubwa. Pesa hiyo ilipie kipimo cha malaria.

Kuharisha kunastahili ulinzi wa pekee katika mji unaoijua kipindupindu kama Goma inavyoijua, tangu ile ya Julai 1994 iliyoua makumi ya maelfu ya wakimbizi hadi inayorudi kila maji yanapokatika. Kazi ya mwezi mzima ya uji mzito hupotea kwa siku nne za kuharisha. Maji ya ziwa, hata yakiwa maangavu, yatiwe klorini au yachemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha, na ya mtoto pia. Chupa yenye chuchu iachwe, kikombe kinaosheka vizuri zaidi. Akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji ya chumvi-sukari ya pakiti, na dai vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa aliyepita miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema. Akipona, hamu hurudi kwa nguvu kwa muda mfupi. Ongeza mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili nzima, kwa sababu katika wiki hizo mwili wake hurudisha ulichopoteza.

Mpime mara moja kwa mwezi, kwenye mizani ileile, bila nguo nzito. Kupima kila siku huonyesha tu kwamba amekunywa maji au amekwenda haja, na humvunja moyo mzazi. Siku hiyo aulizwe pia kama amepata vitamini A, inayotolewa kila miezi 6 kuanzia miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Baada ya mwezi wa kwanza wa uji mzito, mtoto aliyekuwa amelala kwenye mstari wake anapaswa kuwa ameongeza angalau kiasi cha umri wake, na anayefidia alichopoteza huongeza zaidi ya hapo. Akiongeza, usibadilishe kitu, hata kama bado anaonekana mwembamba kuliko wa jirani. Asipoongeza, rudi kituoni ndani ya wiki hiyo na ile karatasi ya siku tatu mkononi, ili muganga asipoteze muda kukuuliza anakula nini.